Moto ya Usiku

Nimestaafu, lakini redio ikitaja bei ya umeme bado naruka kitini. Mume wangu anapunguza sauti, mimi naiongeza, na siku hiyo chai inapoa. Ndiyo maana mkuu wa tawi letu la shirika la umeme aliponiomba niwaandikie nyinyi mnaobaki kaunta maneno mawili matatu kuhusu miaka yangu, nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Msitafute humu habari za vyeo. Vyeo vilikuja vikapita, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunirusha kitini. Nataka kuwaeleza jinsi neno moja la watu wa mji wetu wa Gisenyi nusura lizime mashine ya barafu ya akina mama wauza samaki, na jinsi neno hilohilo lilivyokuja kuiwasha.

Mimi ni binti wa fundi cherehani. Wazazi wangu ni wa huku, lakini mimi nilizaliwa na kusoma Kigoma, tukarudi Gisenyi nikiwa msichana, baba akafungua chumba cha kushonea karibu na msikiti. Kwa hiyo Kiswahili changu cha kuandika kina kola na vifungo. Kile cha mdomoni nilikipata hapa baadaye, nacho kimevaa kandambili.

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilikabidhiwa kwa Mzee Gaspard, msoma mita, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, maana mvua ya hapa haina adabu. Mfukoni alikuwa na testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa waya wenye umeme, na mkononi fimbo ya kufukuzia mbwa. Tulipanda mlimani, kijiji cha Nyakiriba, kusoma mita za zamani, zile za kisahani kinachozunguka. Kwenye nyumba ya kwanza mama mmoja alitoka akilia: “Mzee, moto yenu inatumaliza! Inakula usiku na muchana!” Mimi wa Kigoma nilitupa mkoba nikanyakua ndoo ya maji. Nilikuwa nimeshazunguka nyuma ya nyumba natafuta paa linaloungua, na Mzee Gaspard ameegemea ukuta anafuta machozi ya kicheko.

“Sha, weka ndoo chini,” aliniambia. “Kinyarwanda umeme tunaita umuriro, na umuriro ni moto. Donc, basi, hapa umeme ni moto. Ukisikia mutu analia moto, usikimbilie maji. Kimbilia mita.”

Nikaikimbilia mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka ingawa taa zote zilikuwa zimezimwa, tukafuata waya mpaka kwa jirani aliyejiunganishia pasi kimyakimya. Nilifurahi mno siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba mpaka akachoma kola ya mteja.

Mzee Gaspard alinifundisha mengi, lakini kubwa lilikuwa masikio. Alisema bei haisomwi kwenye karatasi peke yake. “Usisahihishe mutu jina la kitu chake,” alikuwa akiniambia. “We sikiliza anaitaje, kisha umuulize anataka kufanya nini.” Alipostaafu aliniachia ile testa, na mpaka leo iko kwenye droo yangu ya jikoni pamoja na vijiko.

Kisha zikaja mita za kulipia kabla, kashipawa, nami nikapata kiti, nikawekwa kaunta ya mambo ya bei. Huko ndiko nilikoipenda kazi hasa. Bei ya nyumbani ilikuwa ya ngazi: umeme wa kwanza wa mwezi unauzwa bei ya chini, ukizidisha unapanda ngazi na kila uniti inakuwa ghali zaidi, na mwezi mpya ukianza unateremka tena chini. Jaribuni kumweleza hayo mtu mwenye haraka. Hamisi, fundi viatu wa karibu na soko, alinijia na risiti mbili mkononi.

“Zaina, pesa ni ile ile. Wiki ile umeme ilikuwa munono, leo imekonda. Muliichanganya na nini?”

“Haijachanganywa na kitu, kaka. Umeme haukukonda. Wewe ndiye umepanda.”

Alijitazama kuanzia tumboni hadi miguuni. Nilipomweleza habari ya ngazi aliondoka bila kuaga, na alichokwenda kuwaambia watu sijui, ila tangu hapo kila tarehe moja foleni yetu ilifanana na siku ya Idi. Wote walikuja kununua umeme munono, wengine wakinunua wa mwezi mzima kwa mkupuo, wakapandishwa ngazi palepale na kurudi kunigombeza.

Baadaye serikali ikafungua mlango, watu binafsi wakaruhusiwa kuzalisha umeme na kuliuzia shirika. Kampuni moja ndogo ikatega mto milimani, ikaanza kuzalisha umeme wake. Mjini wakadhani sasa umeme utakuwa nyanya, unazunguka sokoni, unachagua fungu. Hamisi huyo huyo alikuja kudai auziwe ule wa mlimani, akisema wa shirika umemchosha. Nilimuuliza: wakulima wa Bugeshi wakishamimina maziwa yao yote kwenye pipa moja, anaweza kuniletea kikombe cha ng'ombe mmoja tu? Akafikiri. “Basi nani anapanga bei ya pipa?” aliuliza. Nilitaka kumkumbatia, maana hilo ndilo swali lenyewe. Anayepanga ni mdhibiti. Yeye ni mwamuzi: anasema anayezalisha alipwe vipi, shirika liuze vipi, na kila mteja ahesabiwe kuwa nani, nyumba, duka au kiwanda. Vijana wengi mnaliona hili la mwisho kuwa la makarani. Ngojeni.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu alinijia Mama Furaha. Huyu ni mwenyekiti wa koperative ya akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuvuka mpaka bila pasipoti. Sambaza huvuliwa usiku na kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, asubuhi, na jua likishika hawana subira. Zamani wasiouzwa mapema waliishia kuanikwa au kutupwa. Kisha wafadhili wakawapa akina mama mashine ya barafu, na kwa mara ya kwanza sambaza wa Gisenyi wakaanza kufika Kigali wakiwa bado wanang'aa.

Tatizo lilikuwa bei. Leseni yao ilisema wanauza samaki, na anayeuza ni duka, kwa hiyo mashine ilihesabiwa duka na kulipa bei ya duka, ambayo ni ileile mchana na usiku. Viwanda vikubwa vilikuwa na bei nyingine: jioni, watu wote wanapopika na kuwasha televisheni, umeme wao unakuwa ghali, na usiku wa manane unashuka sana. Mashine ikawa inameza faida yote ya samaki. Wafadhili wakasema wazi kwamba ikiwa akina mama hawawezi kuiendesha mpaka msimu ujao, wataing'oa na kuipeleka ziwa jingine.

“Zaina, sisi tunauzisha samaki, bon,” alisema Mama Furaha. “Lakini barafu, tunauzisha? Tunatengeneza. Mwenye kutengeneza, haiko kiwanda?”

Nilisimama pale kaunta nikapiga meza kwa furaha, mteja wa nyuma yake akashtuka. Alikuwa amegusa penyewe. Zaidi ya hapo, mashine yake ingeweza kufanya kazi usiku tu, mji ukiwa umelala na nyaya hazina shughuli, kisha mchana ikazimwa na barafu ikaendelea kubaridisha. Umeme hauwekwi kabatini, sote tunajua. Akina mama hawa walikuwa wamepata kabati.

Bahati ikawa mdhibiti anataka kupanga upya mafungu ya wateja, na akatangaza kikao cha kusikiliza wananchi hapa kwetu. Mkuu wangu alinikuta nikiwafafanulia akina mama utaratibu, akaniuliza, “Zaina, wewe ni wa shirika au wa sambaza?” Nikamjibu mimi ni wa mita. Alitikisa kichwa akaenda zake, na namshukuru kwa kuishia hapo.

Kikaoni mdhibiti alileta mshauri wa bei aliyemwajiri kutoka Tanzania, Bwana Sanga wa Njombe, kijana mtaratibu mwenye tai. Kinyarwanda hakijui, lakini mji wetu ulifurahi: tutasema naye Kiswahili uso kwa uso, mkalimani wa nini! Mama Furaha akasimama, akakaza kitenge.

“Mukubwa, sisi batu ya mwalo tunaomba kitu moja tu: moto ya usiku. Muchana moto iko kali, inatuunguza. Usiku batu banalala, moto inabaki haina mwenyewe. Mutuachie ile moto ya usiku, asubui samaki yetu itakuwa salama.”

Bwana Sanga alikuwa anaandika, uso umejaa huruma. “Na hamwogopi moto huo usiku, mama?”

“Tuogope nini? Tumezoea!”

Ukumbi ulipiga makofi mpaka vioo vikatetemeka. Mimi nilipiga kushinda wote. Miaka ilikuwa imepita, sikio langu limekuwa la hapa, na ile ndoo ya Nyakiriba nilikuwa nimeshaisahau. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kilichotokea mbele ya macho yetu.

Rasimu ya uamuzi ilipobandikwa, akina mama walinizunguka mwaloni niwasomee. Ilisema ombi la wauza samaki la kuruhusiwa kuwasha moto ufukweni nyakati za usiku halihusiani na bei ya umeme, na kwamba wanashauriwa kuonana na kikosi cha zimamoto. Mashine ya barafu ilibaki duka.

“Zimamoto?” Mama Furaha aliniangalia. “Bazime nini? Yebaba we!”

Wenzake wakaangua kicheko, wakashikana mabega. Yeye alicheka nao, kisha akaacha. Aligeuza beseni la samaki chini juu akalikalia, akaitazama mashine yake kupitia mlango uliokuwa wazi. “Donc mashine inaenda,” alisema, taratibu kabisa. Sijawahi kumsikia akisema taratibu kabla ya hapo, na moyo uliniuma kweli.

Nilimpigia simu Bwana Sanga nikiwa bado nimesimama kwenye magamba ya samaki.

“Bwana Sanga, ule moto ni umeme.”

“Moto upi, mama?”

“Ule wa usiku. Huku umeme ndio unaoitwa moto.”

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. “Kwa hiyo moto mkali wa mchana…”

“Ni bei.”

“Na yule mzee aliyelalamika kwamba wanakata moto bila kuaga?”

“Umeme ulikatika bila taarifa.”

“Mungu wangu,” alisema. “Huyo nilimwandika kwenye malalamiko ya kuni.”

Tukacheka wote wawili mpaka nikaishiwa pumzi. Lakini alikuwa mkweli: kicheko cha simu hakibadilishi rasimu. Pingamizi lilipaswa kuletwa na wenye shida wenyewe mbele ya bodi, Kigali, na siku zilizobaki zilikuwa chache.

Tulikwenda na basi la alfajiri, Mama Furaha, wenzake wanne, mimi niliyeomba likizo, na kasha la sambaza waliofunikwa barafu. Walikuwa na wasiwasi, hakuna aliyekula kitu. Kuwachangamsha nikawasimulia siku yangu ya kwanza, yule mama wa Nyakiriba, ile ndoo, na Mzee Gaspard akiniambia nisikimbilie maji, nikimbilie mita. Walicheka mpaka tukafika mji wa Musanze. Kila basi lilipopiga kona mmoja alipiga yowe, “Moto!” na wengine wakaitikia, “Kimbilia mita!” Dereva alituomba tumhurumie.

Mbele ya bodi mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alimwambia Mama Furaha anaweza kusema Kinyarwanda. Alikataa. “Neno iliharibika kwa Kiswahili, itengenezwe kwa Kiswahili.” Bwana Sanga aliinamisha kichwa, lakini niliona mabega yake yakicheka. Kisha Mama Furaha akafungua kasha. Ukumbi mzima ulinusa, na hakukuwa na harufu ya kunusa. Nadhani ndiyo hoja bora niliyowahi kuisikia kwenye kikao cha bei.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuhongwa na barafu. Aliuliza swali ambalo ningeuliza hata mimi: kila duka likitaka bei ya usiku, nyaya na mitambo ya mchana italipiwa na nani?

“Mama, mwenye saluni atanyoa batu saa nane ya usiku?” alijibu Mama Furaha. “Haiwezekani. Huyo abaki muchana. Mi naweza kuhama. Mwenye anaweza kuhama, mumupe njia.”

“Na ukisahau ukaiwasha jioni, watu wanapopika?”

“Munilipishe mpaka nilie.”

Mwenyekiti aliandika kitu, akamwangalia Bwana Sanga, Bwana Sanga akaitikia kwa kichwa. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani ya baba siku ya mkesha wa Idi. Hatukuambiwa lolote siku hiyo. Tulirudi Gisenyi, na sambaza tuliwagawa njiani kabla barafu haijaisha.

Uamuzi ulitoka mvua za kwanza zilipoanza. Watengenezaji wadogo wa barafu na wenye vyumba vya baridi wanaweza kuingia bei ya saa, kwa majaribio, wakifungiwa mita inayojua saa, na kwa sharti lilelile la Mama Furaha: jioni watalipa mpaka walie. Na kwenye nakala ya Kiswahili Bwana Sanga alikuwa amejipenyeza. Palikuwa pameandikwa, kwa lugha rasmi kabisa na kwa jina la wilaya yetu, “umeme wa saa za usiku, ambao wananchi wa Rubavu huuita moto ya usiku.” Nimesoma kanuni nyingi maishani. Hiyo peke yake niliibusu.

Mita ilifungwa siku chache kabla sijastaafu, na asubuhi iliyofuata sikupitia ofisini. Nilikwenda mwaloni moja kwa moja, jua likitoka, mitumbwi ikishusha samaki. Mashine ilikuwa imeshazimwa, kimya. Mita ilionyesha kwamba mashine imefanya kazi usiku tu, umeme wa mchana haikuugusa. Niliisoma mara mbili kwa kuifurahia tu, kama mtu anavyosoma jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

“Nyosha mikono,” alisema Mama Furaha nyuma yangu.

Alifungua mlango wa chini wa mashine. Barafu ilikuwa imejaa mpaka pomoni, ikamwagika miguuni pake kwa kelele. Aliokota bonge kubwa, akaliweka kwenye viganja vyangu viwili na kunifunga vidole juu yake kwa mikono yake mwenyewe.

“Shika, Zaina. Moto ya usiku, hii hapa.”

Nilitaka kusema kitu cha maana, maana akina mama wote walikuwa wamesimama na mabeseni yao wakiningoja. Lakini baridi ile iliniuma mpaka kwenye mifupa, machozi yakanitoka, sijui ya maumivu au ya furaha, nikapiga yowe: “Inaunguza! Moto!”

Na mwalo mzima ukaitikia kwa sauti moja: “Kimbilia mita!”